Kufundisha Kutafuta Hitilafu ya Umeme kwa Taa ya Baiskeli

Mara nyingi mada ya umeme huishia ubaoni. Mwalimu huchora betri, waya na balbu, wanafunzi hunakili, na kipindi huisha. Lakini katika maisha mtu huanza kuufikiria umeme siku taa inapokataa kuwaka. Hapo wengi hubahatisha: hununua balbu mpya, na taa isipowaka, fedha zimepotea na msafiri bado yumo gizani. Kwa hiyo twapendekeza mwalimu wa madarasa ya juu ya shule ya msingi alete darasani taa isiyowaka, awaongoze wanafunzi kuitafuta hitilafu kwa hoja. Kifaa kinachofaa ni baiskeli yenye dinamo.

Mambo ya kujua kwanza

Ndani ya dinamo mna sumaku na koili ya waya. Kigurudumu cha dinamo kikisuguana na tairi, sumaku huzunguka na umeme huzalishwa, kwa kanuni iliyogunduliwa na Michael Faraday mwaka 1831. Dinamo nyingi za baiskeli hutoa volti 6 na wati 3: wati 2.4 kwa taa ya mbele na wati 0.6 kwa taa ya nyuma.

Kutoka dinamo hadi kila taa huenda waya mmoja tu. Njia ya kurudi iko wapi? Ni fremu yenyewe ya chuma. Ndiyo maana kishikizo cha dinamo huwa na skrubu yenye ncha inayopenya rangi na kugusa chuma. Kutu ikiingia hapo, mzunguko wa umeme hukatika ingawa waya ni mzima.

Maandalizi

Tuwe na betri 4 za tochi za volti 1.5 zilizounganishwa kwa mfululizo, vipande viwili vya waya, bisibisi na msasa. Kabla ya kipindi, mwalimu aweke hitilafu moja tu kwa siri. Kwa mfano, kipande cha karatasi chini ya balbu ya mbele.

Hatua za somo

1. Kutazama. Gurudumu lizungushwe. Je, zimezima taa zote mbili au moja? Zikizima zote, tushuku kwanza dinamo na mahali inapogusana na fremu, kwa kuwa taa zote huvitegemea. Ikizima moja, tuichunguze njia ya taa hiyo.

2. Kuigawa njia. Waya wa taa uondolewe kwenye dinamo, uguswe na ncha chanya ya betri. Ncha hasi iguse fremu mahali palipokwanguliwa kwa msasa. Taa ikiwaka, waya, balbu na fremu havina kosa. Kosa liko upande wa dinamo. Waya usipoondolewa, umeme wa betri utapita pia katika koili, na jaribio litatudanganya.

3. Kuendelea kugawa. Taa isipowaka, ncha hasi ihamishwe kutoka kwenye fremu hadi kwenye kasha la taa. Ikiwaka sasa, kasha haligusani vema na fremu. Isipowaka, balbu itolewe na kuguswa na betri moja kwa moja. Isipowaka hapo, imeungua. Ikiwaka, kosa liko kwenye waya au kwenye kitako cha balbu. Waya uchunguzwe hasa karibu na usukani, maana hapo hupindwa kila baiskeli inapokata kona.

Kabla ya kila jaribio, mwanafunzi aseme anatarajia nini, na kila tokeo litamaanisha nini. Kibadilishwe kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Mwalimu naye azuie ulimi wake: akilitaja jibu mapema, ameitengeneza taa lakini ameliua somo. Wasichana na wavulana washike bisibisi kwa zamu.

Swali la kufikiri

Msafiri anaona taa zote mbili zimezima, nayo dinamo ni nzima. Ananunua balbu ya nyuma pekee. Anapoendesha kwa kasi, nayo inaungua. Kwa nini?

Dinamo ilikusudiwa kuzipa taa mbili jumla ya ampea 0.5. Balbu ya mbele ikiungua, umeme uliokuwa wake huelekea kwenye balbu ya nyuma, iliyotengenezwa kwa ampea 0.1 tu, nayo haistahimili. Swali hili huonyesha pia kwamba shuku ya hatua ya kwanza si hukumu: ni lazima ijaribiwe.

Tahadhari

Majaribio haya yafanywe kwa betri na dinamo tu. Wanafunzi waonywe wasiyajaribu kamwe kwa umeme wa nyumbani, kwani unaua. Ncha mbili za betri zisiunganishwe kwa waya mtupu, kwa sababu waya hupata moto.

Tathmini

Tusipime somo kwa kuuliza tu kama taa imewaka. Tumwombe kila mwanafunzi aandike njia aliyoifuata: alishuku nini, alijaribu nini, na tokeo lilimwondolea shaka gani. Mwanafunzi awezaye kueleza hayo ataweza kuchunguza tochi au redio ya betri ambayo hatukumfundisha.