SOMO: KODI YA JENGO NA KODI YA ARDHI



Mara nyingi baada ya ibada nimeulizwa, "Mwalimu, mbona nimenunua umeme wa shilingi elfu tano nikapata uniti kidogo?" Swali hili lataka somo zima, maana ndani yake mna kodi mbili ambazo watu huzichanganya.

Tuanze nyuma kidogo. Kodi ya nyumba si ngeni kwetu. Wadachi waliitangaza mwaka 1897, rupia tatu kwa kibanda. Waingereza wakatunga sheria yao ya kodi ya nyumba na ya kichwa mwaka 1922. Kodi ya kibanda ilihesabu nyumba, kwa hiyo mwenye wake watatu, kila mke na nyumba yake, alitozwa kwa zote. Kodi ya maendeleo, tuliyoizoea kudaiwa kwa kichwa, ilifutwa mwaka 2003.

Kodi ya jengo ya leo ni nyingine. Mwaka 2016 ukusanyaji wake ulikabidhiwa Mamlaka ya Mapato (TRA), na tangu Agosti 2021 hukatwa katika LUKU. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Julai 2023 ikapanda kuwa 1,500. Fanyeni hesabu: 1,500 mara 12 ni 18,000 kwa mwaka. Usiponunua umeme miezi mitatu, deni halikufutika. Litakungoja, na siku utakaponunua utakatwa 4,500. Hapo ndipo uniti zilipokwenda.

Sasa angalieni mahali penye hasara. Mwenye nyumba ya vyumba vya kupangisha, Kahama au Katoro, akafunga mita nne, huweza kukatwa mara nne kwa jengo moja. Kodi ni ya jengo, si ya mita. Apeleke namba za mita zote kwa wanaosimamia kodi hiyo, aombe ibaki moja tu. Naye mpangaji ajue kwamba kodi hii ni ya mwenye nyumba. Akikatwa yeye, atunze risiti za LUKU wahesabiane katika pango. Vijana wengi wanaofuata kazi za dhahabu Geita wamepanga, na hakuna aliyewaeleza.

Wazee wenzangu, hili ni letu. Aliyefika miaka 60, anayeishi katika nyumba yake mwenyewe isiyo ya biashara, husamehewa kwa nyumba hiyo moja. Lakini mita haijui umri wako! Ni lazima uombe. Chukua kitambulisho cha taifa, namba ya mita, na barua ya ofisi ya serikali ya mtaa inayothibitisha kwamba nyumba ni yako na unakaa humo. Mjane ambaye mita ingali kwa jina la marehemu mumewe aieleze habari hiyo mapema, asije akarudishwa. Nyumba za tope, tembe na nyasi nazo hazikukusudiwa kutozwa.

Na kanisa je? Jengo la ibada limesamehewa. Vibanda vya maduka tunavyopangisha kando ya barabara ni habari nyingine, na wazee wa kanisa wasivihesabu pamoja na madhabahu.

Kodi ya pili ni ya ardhi. Hii humhusu mwenye kiwanja kilichopimwa chenye hati, chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999. LUKU haiikati. Hulipwa kila mwaka kwa namba ya malipo ya serikali, na kiasi chake hutegemea ukubwa wa kiwanja, mahali kilipo na matumizi yake. Wengi hudhani wakikatwa LUKU wamemaliza yote; kumbe deni la ardhi linakua kimya kimya, na mwenye hati asiyelipa aweza kupewa ilani, hata miliki yake ikabatilishwa.

Basi wiki hii kila mwenye nyumba atazame risiti yake ya mwisho ya LUKU, asome mstari wa kodi ya jengo, kisha ahesabu mita zilizo ukutani kwake.