Siga ya Bei ya Kati: Mafunzo Niliyopata

1. Vidole kwanza. Kabla sijawasha siga, naibinyabinya taratibu kutoka kichwani, upande wa kinywa, hadi mguuni, upande unaowashwa. Palipo pagumu moshi utakwama. Palipolegea moto utakimbia. Siga ya bei ya kati inategemea sana mkono wa msokotaji, maana tumbaku nzuri iliyosokotwa vibaya haivutiki.

2. Lionje jani la nje. Siga iitwayo Hemingway, ya kampuni ya Arturo Fuente, ndiyo iliyonifundisha. Inasokotwa Jamhuri ya Dominika, ila jani lake la nje ni la Kameruni, la mbegu yenye asili ya Sumatra. Huko Kameruni mawingu hulikinga jani na jua kali, kazi ambayo wakulima wa Connecticut huifanya kwa kutandaza vitambaa juu ya mashamba. Jani lenyewe ni jembamba, limejaa vipele vidogo vya mafuta. Ukiyatazama majivu kwa makini utaviona vimebaki chembe nyeupe. Siga hii imechongoka huku na huku, na nchani tumbaku ya ndani ni kidogo, kwa hiyo mguu ukishika moto, jani la nje ndilo linalotawala mdomo: utamu mwepesi, mdalasini, kisha pilipili manga ukiutoa moshi kidogo puani. Najivunia kwamba ladha hiyo imetoka kwenye udongo wa Afrika.

3. Mvuto mmoja kwa dakika unatosha. Ukizidisha, siga hupata joto na uchungu hufunika kila kitu. Moshi hukaa kinywani, haushuki mapafuni, ingawa hilo haliondoi hatari ya saratani ya kinywa na koo. Ndiyo maana navuta kwa nadra.

4. Subiri theluthi ya mwisho. Majani ya juu ya mche, yaitwayo lijero, ndiyo makali na huungua polepole. Msokotaji huyaweka katikati. Nguvu yake hujikusanya kadiri siga inavyofupika. Siga duni huanza vizuri ikaishia kwenye uchungu mtupu. Na usionje ukiwa na njaa, utasikia kizunguzungu.

5. Unyevu ndani ya sanduku la kuhifadhia siga uwe asilimia 65 hadi 70. Kwetu Dar es Salaam hewa ya masika huzidi hapo, ukungu ukaota. Joto nalo huangua mayai ya wadudu wa tumbaku. Kwa hiyo sanduku langu halikai karibu na dirisha.

6. Bei naiuliza mwisho: ningeinunua tena kwa fedha ileile? Hemingway Short Story, yenye urefu wa inchi 4, ningeinunua.