Mtoto wa Kinyonga Akigoma Kula, Kagua Kizimba Kwanza

Mtoto wa kinyonga anapofikishwa katika nyumba mpya, kinachomtia mfugaji hofu kwanza ni kumwona hataki kula. Nyenje wanapita mbele ya macho yake, naye ametulia tawini kana kwamba hawaoni. Wengi hapo hukimbilia kubadili chakula: leo nyenje, kesho mende wadogo, keshokutwa viwavi. Sisi tunasema mara nyingi kasoro haimo katika chakula, imo katika kizimba. Tunamzungumzia hasa kinyonga wa Yemen, Chamaeleo calyptratus, mwenye mfupa uliosimama kichwani kama kofia iliyochongoka. Asili yake ni Yemen na kusini-magharibi mwa Saudi Arabia, na siku hizi huzalishwa na wafugaji wengi wa Ulaya na Marekani. Huyu hana sifa ya kuchagua sana chakula. Akiwa na afya na utulivu hula kwa pupa. Ndiyo maana kugoma kwake kuchukuliwe kuwa dalili, si tabia.

Tuanze na joto, kwa sababu hapa ndipo watu hudanganyika zaidi. Mwaka 2010 Christopher Anderson na Stephen Deban walichapisha matokeo ya majaribio waliyomfanyia kinyonga huyuhuyu, wakiupima ulimi wake katika nyuzijoto 15, 25 na 35 za Selsiasi. Waliona kwamba baridi haipunguzi sana kasi ya ulimi unapofyatuka, kwa kuwa nguvu zake huwekwa akiba kabla, kama mpira wa manati uliovutwa. Kuurudisha ulimi mdomoni ndiko kulikozorota, maana kazi hiyo hutegemea misuli moja kwa moja. Mtu anaweza kuuliza: kama anaweza kuwinda hata kwenye baridi, taa ya joto ya nini? Jibu ni kwamba kukamata mdudu ni jambo moja na kumsaga tumboni ni jingine. Kinyonga hana joto lake la ndani kama sisi, na mwili uliopoa humeng'enya chakula polepole mno, hata hamu ya kula inakatika. Mtoto apate tawi moja la kuotea joto, lenye nyuzijoto zipatazo 29, na pembe nyingine iliyo baridi kidogo ili ajichagulie mwenyewe. Pima kwa kipimajoto palepale anapokaa. Mkono wako hautakupa jibu sahihi.

Maji nayo husahaulika. Kinyonga kwa kawaida hajui bakuli. Hulamba matone yanayong'aa juu ya majani, na mtoto aliyesafirishwa ndani ya kopo hufika na kiu kuliko njaa. Nyunyizia majani asubuhi na jioni, kisha acha kizimba kikauke. Kinyesi chake kitakuonyesha hali yake: ile sehemu ya mkojo, ambayo ni ngumu na nyeupe, ikigeuka rangi ya chungwa, maji hayamtoshi. Kuna pia mwanga. Bila mionzi ya urujuanimno ya aina ya B mwili hautengenezi vitamini D3, na bila vitamini hiyo hautumii kalsiamu ipasavyo. Mifupa hulainika, misuli hudhoofika, na mwishoni hata ulimi hushindwa kulenga. Wapo wanaotegemea jua la dirishani. Kioo huzuia sehemu kubwa ya mionzi hiyo, kwa hiyo taa maalumu ni ya lazima.

Kisha kuna woga. Kinyonga hujilinda kwa kujificha, basi kizimba kisicho na majani kinamweka uwanjani mchana kutwa. Jaza mimea, kiweke juu usawa wa macho yako au zaidi, mbali na paka na televisheni, na kwa juma la kwanza usimshike kabisa. Kila mmoja akae peke yake. Kwa hili la upweke kuna pingamizi la kweli: utafiti wa Ballen, Shine na Olsson wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba watoto wa aina hii waliolelewa peke yao walikuwa wanyonge zaidi na wazito kuwinda kuliko waliolelewa pamoja. Tunaukubali. Lakini unahusu malezi ya mwanzo, kazi ya mzalishaji, na hauruhusu kuwabananisha wawili wanaoendelea kukua katika kizimba kimoja cha sebuleni, ambamo mkubwa hushika tawi la joto na mdogo hudhoofu kimyakimya.

Hatusemi chakula hakina maana. Mdudu asizidi upana wa kichwa cha kinyonga, awe hai na anayetembea, awe ameshiba mboga za majani tangu jana yake, na apakwe unga wa kalsiamu. Mtoto alishwe kila siku. Nyenje waliobaki waondolewe kabla ya usiku, kwani humtafuna kinyonga akiwa amelala.

Kuna wanaosema njaa ikimzidi atakula tu. Kauli hiyo inafaa kwa mnyama mkubwa mwenye akiba mwilini. Mtoto huyu ana akiba ndogo sana, na anayesubiri njaa imfundishe huenda akamkuta amekufa. Wengine humfungua mdomo kwa nguvu. Taya zake ni laini, na hofu hiyo inazidisha mgomo. Siku moja au mbili za kutokula baada ya safari ni kawaida. Akifika siku ya tatu bila kula ilhali joto, maji, mwanga na maficho viko sawa, au akifumba macho mchana, usingoje zaidi: mpeleke siku hiyohiyo kwa daktari wa wanyama anayewajua reptilia, na umchukulie kinyesi chake ili kipimwe minyoo.