SOMO LA KIKUNDI: KWA NINI KIJANA WETU ANAANGUKA HESABU CHUO KIKUU?



Tunafanya harambee, tunauza mbuzi na korosho, kijana wa Kinondo anaenda chuo kikuu. Mwaka haujaisha, tunasikia ameanguka hesabu. Watu wanasema, "Mvivu huyo," au "Hesabu ina wenyewe." Tusidanganyane. Tuangalie sababu.

1. Msingi. Hesabu hupandwa kama mnazi, hatua kwa hatua. Mtoto asiyeelewa sehemu darasa la tano, kwa kuwa siku hizo alikuwa shambani au ufuoni, hubeba pengo hilo hadi chuo.

2. Lugha. Nyumbani Kidigo, njiani Kiswahili, na kuanzia darasa la nne hesabu ni kwa Kiingereza. Mwingine kuhesabu anajua, ila swali halielewi.

3. Pesa. Mkopo wa HELB ukichelewa, kijana hutafuta kibarua. Na kwenye hesabu, somo la leo likikupita, la kesho hulielewi.

4. Kusoma peke yake. Hapa tukae kidogo. Miaka ya 1970, Uri Treisman wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Marekani, alitaka kujua kwa nini wanafunzi weusi wengi walianguka hesabu. Walimu walidhani ni kukosa bidii, umaskini, au wazazi kutojali. Alipowafuatilia aliona sivyo. Bidii walikuwa nayo, lakini kila mmoja alijifungia peke yake. Wenzao wa asili ya Kichina walisoma, kisha wakakutana kusahihishana. Treisman akaanzisha vikundi, akawapa maswali magumu wayafanye pamoja. Matokeo yakapanda.

Jamani, kazi ya vikundi si ndiyo yetu? Kidole kimoja hakivunji chawa.

La kufanya:
- Siku ya kuhesabu akiba, watoto wakae wahesabu nasi, wasichana kwa wavulana.
- Tuwatafutie wanafunzi wa sekondari nyumba moja yenye taa, wakutane jioni mbili kwa wiki.
- Kijana akiwa chuo, tusiulize matokeo tu. Tumuulize: "Unasoma na nani? Umekula?"

Maswali ya kujadiliana:
(a) Ni kazi gani zinazowatoa watoto wetu darasani?
(b) Baada ya harambee, nani kati yetu humfuatilia kijana?
(c) Nyumba yenye taa itakuwa ya nani, na tuanze lini?

Msifunge mkutano kabla ya kujibu (c).