Upatanisho wa Mahali: pa-, ku-, mu-

Ngome ya Yesu, Mombasa, iliyojengwa na Wareno mwaka 1593 hadi 1596, ilikuwa gereza tangu 1895 hadi 1958. Sasa ni makumbusho. Anayeizuru na kuisimulia hakwepi viambishi vya mahali.

"Ngomeni pana lango" hutaja mahali dhahiri. "Ngomeni kuna joto" hueneza. "Ngomeni mlifungwa watu" hututia ndani ya kuta. Ukisema "palifungwa", kuta hazisikiki tena. (Jihadhari: "mlifungwa" huweza pia kuwahusu "ninyi", "mle" huondoa utata.)

Mwanafunzi wako wa Buyenzi huenda akasema "mu ngome", kwani Kirundi hutanguliza mu: "mu nzu". Usimkaripie. Mu yake ni ileile, ila Kiswahili sanifu huidhihirisha kwenye kitenzi. Mwandikishe: "Mle ngomeni mlimofungwa watu sasa mna makumbusho."