Bukari Usoni Si Hatari, Vumbi la Mgodi Ndilo Hatari



Fikirini jambo hili. Baba anarudi kutoka kazi, amechoka. Mtoto wao wa miezi 10 amekaa juu ya mkeka, mbele yake sahani ya bukari na sombe. Bukari kidogo iko mdomoni, nyingine masikioni, nyingine chini. Sombe imepaka nguo aliyovalishwa asubuhi. Baba anasema: «Mama, unamwacha mtoto anaharibu chakula? Unga tunaununua kwa pesa!» Mama anaona haya. Anampiga mtoto mkononi, anamshika kwa nguvu, anamtia chakula mdomoni. Mtoto analia na kufunga mdomo. Chakula kimekwisha kwa machozi.

Nani amekosa? Mtoto hakukosa. Yeye anajifunza kazi. Nawe baba, siku ya kwanza ya kushika mashine hukuijua vizuri. Ulipewa mtu wa kukuonyesha, ukajaribu, ukakosea, ukajaribu tena.

MTOTO ANAJIFUNZA NAMNA GANI?

Mpaka miezi 6, maziwa ya mama peke yake yanamtosha. Kutoka miezi 6 anaanza chakula laini, na kunyonya kunaendelea mpaka miaka 2 au zaidi. Wakati ule anashika chakula kwa kiganja kizima, na nusu yake inatokea kati ya vidole. Karibu na miezi 9 au 10 anaanza kuokota kipande kidogo kwa kidole gumba na kidole cha pili. Akikaribia mwaka 1 anataka kijiko, lakini kijiko kinapinduka kabla ya kufika mdomoni. Inahitaji miezi mingine mingi mkono wake upate nguvu na akili ya kazi ile.

Hakuna mtoto anayepita njia hiyo bila kujichafua. Ukimkataza kugusa chakula, unamnyima nafasi ya kujifunza. Ukimlisha kwa nguvu, unamfundisha kuogopa sahani. Mtazame: akifungua mdomo na kuinama mbele, ana njaa. Akigeuza uso na kusukuma kijiko, ameshiba au anapumzika. Ngoja kidogo, zungumza naye, mpe tena. Akikataa, basi.

UNGA USIPOTEE

Baba ana haki kusema kwamba unga ni pesa. Lakini kuna dawa nzuri kuliko kumpiga mtoto.

1. Mpe sahani yake mwenyewe, na utie vijiko 2 au 3 tu. Akimaliza, ongeza. Hawezi kumwaga kile ambacho hakiko mbele yake.

2. Mpe kijiko kimoja ashike yeye, nawe ushike kingine. Yeye anajifunza, wewe unamshibisha.

3. Uji uwe mzito, ukae juu ya kijiko. Uji wa maji-maji unamwagika, na nguvu yake ni kidogo. Utie kalanga zilizotwangwa laini, au ndagala zilizosagwa, au yai lililoiva, na mafuta kidogo ya mawese.

4. Mfunge shingoni kitambaa cha shati kuukuu. Usimpanguse uso kwa kila kijiko. Msafishe mara moja, mwisho.

Mtoto aliyepita mwaka 1 anahitaji chakula mara 3 au 4 kwa siku. Kila mara afikie robo tatu ya kikombe cha mililita 250, au kikombe kizima.

HATARI INATOKA WAPI?

Sasa baba, sikiliza vizuri, maana neno hili linakuhusu. Kinachoanguka chini, mtoto anakiokota na kukila. Kikianguka juu ya mkeka safi, si kitu. Lakini kikianguka juu ya vumbi ulilolileta na viatu vya kazi, anakula mgodi.

Hili si neno la kutishana. Mwaka 2009, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walionyesha kwamba watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya Katanga wana kobalti nyingi katika mkojo. Mwaka 2018 walitangaza habari za Kasulo, kartie ya Kolwezi ambako watu walichimba kobalti kati ya nyumba zao. Waliowapima kule walikuwa na kobalti nyingi kupita watu wa kartie jirani, na tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto. Mtoto anatambaa katika vumbi, anatia mikono mdomoni, na mwili wake ni mdogo.

Kwa hiyo:

– Kama kazini kuna mahali pa kuoga na kubadili nguo, fanya hivyo kabla ya kurudi.
– Viatu na salopeti vibaki nje ya mlango. Usimbebe mtoto kabla ya kunawa na kuvaa nguo nyingine.
– Salopeti ifuliwe peke yake, katika beseni yake. Isikung'utwe ndani ya nyumba.
– Pangusa chini kwa kitambaa chenye maji. Ufagio mkavu unarusha vumbi mpaka katika sahani.
– Tenga mkeka mmoja wa kulia tu. Kinachoanguka nje ya mkeka, kitupwe.
– Nawa mikono kwa maji na sabuni, umnawishe na mtoto.
– Usiweke mawe ya mgodi wala mifuko yake ndani ya nyumba.

ASIPALIWE

Mtoto ale akiwa amekaa wima, na mtu mkubwa karibu naye. Asile akilala wala akikimbia. Usimpe kalanga nzima wala samaki mwenye miiba. Akikohoa kwa sauti, mwache akohoe. Kama sauti haitoki na hapumui, na hajafika mwaka 1, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini. Mpige mara 5 kati ya mabega kwa kiganja. Haikutoka? Mgeuze, mbonyeze katikati ya kifua mara 5 kwa vidole viwili. Rudia, na mtu mwingine aite msaada. Usitie kidole kooni kutafuta usichokiona.

Basi baba, kesho ukirudi na kukuta bukari masikioni mwa mtoto, usigombe. Acha viatu mlangoni, oga, badili nguo. Halafu kaa mkekani, umwombe mama kile kijiko cha pili, naye apumzike kidogo.