Kushika na Kuachia

JUMANNE

Soma Waefeso 4:15, 16. Je, kwa mujibu wa Paulo, mwili hukua kwa njia gani, na kila sehemu ina kazi gani?

Mnamo Septemba 15, 2025, jijini Tokyo, Alphonce Simbu, mzaliwa wa mkoa wa Singida, alifika mita za mwisho za mbio za marathoni akiwania ushindi na Amanal Petros wa Ujerumani. Baada ya kilomita 42 na zaidi, Simbu alishinda kwa tofauti ya sekunde 0.03, akawa Mtanzania wa kwanza kutwaa dhahabu katika Mashindano ya Dunia ya Riadha.

Watazamaji waliona miguu tu. Ndani yake kulikuwa na kazi kubwa zaidi. Msuli ulioshikamana na mfupa ni mafungu ya nyuzi, mfano wa kamba iliyosokotwa. Ndani ya kila uzi mna nyuzi ndogo sana za protini za aina mbili, aktini na miosini. Ujumbe wa ubongo unapofika kupitia neva, kalsiamu huachiliwa ndani ya uzi. Ndipo vichwa vidogo vya miosini hushika aktini, huvuta, huachia, kisha hushika tena mbele kidogo. Nyuzi hizo za protini hazifupiki. Hutelezeana tu, na msuli wote hujikunja.

Msuli huvuta tu, hauwezi kusukuma. Kwa hiyo Muumba aliiweka misuli kwa jozi. Msuli wa mbele ya mkono unapovuta ili kukunja kiwiko, ule wa nyuma hulegea. Mkono unaponyooshwa, zamu hubadilika. Tena, hata kuachia kunahitaji nishati. Mtu akifa, nishati hiyo huisha, miosini hubaki imeshika, na maiti hukakamaa.

Soma Kutoka 18:17, 18 na Wakolosai 3:13. Je, Musa alihitaji kuachia nini? Wakolosai je?

Mara nyingi hudhaniwa kuwa aliye imara ni yule asiyeachia. Mzee wa kanisa hushika kila huduma, na vijana huketi bila kazi. Ndugu wawili hushika kosa la miaka mingi, huku wakiimba katika kwaya moja. Kanisa la namna hiyo laweza kuonekana gumu, lakini ugumu wake ni ule wa maiti. Nguvu ya kuachia haitoki ndani ya kiungo chenyewe. Msuli uliokatika neva yake hunyauka. Vivyo hivyo muumini hupokea uzima kutoka kwa Kristo aliye kichwa.

Je, ni huduma gani, au kosa gani, ambalo umelishika kwa muda mrefu? Ni nani anayengoja uliachie ili naye apate kufanya sehemu yake?